Sala Ndefu na Ugali Uliopoa

Mwanangu Rehema,

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kutomwazima mtu simu yako ndani ya basi. Hayo baba yako atayasema kesho stendi, tena atayarudia, na wewe utaitika "ndiyo, Baba" kama kawaida yako. Mimi niache niseme jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Ukiwauliza watu wa kanisani watakuambia hakuna jambo linaloushinda mdomo wangu. Hawajui.

Umekwenda Misungwi kumuaga mama yako mdogo. Nimekutuma ukachukue na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, makusudi, ili uchelewe kidogo nami nipate kukaa peke yangu. Leo sikwenda sokoni. Mchele na maharage nimemwachia jirani wa kibandani aniuzie, kwa sababu miguu imevimba, na kusema kweli nimechoka. Si uchovu wa leo. Ni ule wa miaka, unaolala nao na kuamka nao. Nimekaa kwenye meza yetu, mahali pangu palepale upande wa mlango, na kiti chako kiko mbele yangu. Juu yake kuna nguo zinazosubiri pasi. Kimekuwa kiti cha nguo siku hizi, na hakuna anayeshangaa.

Tangu ile Jumapili, huu ni mwaka wa pili sasa, hujala na mimi kwenye meza hii. Unaniamkia kila asubuhi, unanipokea mzigo nikitoka sokoni, tunacheka. Mtu wa nje hawezi kujua kitu. Lakini nikisema "karibuni chakula," wewe unajibu, "Nimeshakula, Mama," au, "Kuleni tu, nitakula baadaye." Na baadaye nakusikia jikoni ukikwangua ukoko wa sufuria, umesimama. Kesho unaondoka kwenda Katavi kuanza kazi yako ya ualimu. Imebaki leo tu. Ninaogopa utatoka kwenye nyumba hii bila kula na mimi, halafu utakapopata nyumba yako mwenyewe hutataka kuiona meza, wala kusikia habari za Mungu wa mezani.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Nyumbani kwetu Misungwi, nilipokuwa msichana, chakula kilikuwa na njia mbili. Kikishaiva, ugali na mboga vilipelekwa nje kwenye shikome, pale moto wa wanaume ulipowashwa kila jioni. Baba alikula huko na kaka zangu, na mgeni yeyote wa kiume aliyepita. Sisi wasichana tulibaki jikoni na mama, tumezunguka chungu. Usidhani tulikuwa wanyonge. Jikoni kulikuwa na vicheko na umbea wa kutosha. Lakini sikuwahi kumwona baba yangu akitafuna. Alipofariki, wazee wenzake walikaa wakasimulia jinsi alivyopenda kichwa cha kuku, na alivyokuwa akiwanyang'anya wenzake kwa utani. Mimi binti yake, niliyepika hao kuku, nilikuwa silijui hilo. Nilililia hilo kuliko nilivyolilia kifo chenyewe.

Kisha nikaolewa na baba yako, nikapelekwa Majita kuwaona wakwe. Siku ya kwanza, kilipoiva chakula, nilijisogeza jikoni kama nilivyozoea. Bibi yako akanifuata. "Unakwenda wapi, mwanangu? Huko kuna moshi tu." Akanishika mkono akaniketisha mezani. Ilikuwa meza ya mbao za mtumbwi mkuukuu, bado inanukia samaki. Wote walikuwa hapo: baba mkwe, mashemeji, watoto wenye pua zinazochuruzika, na mimi bibi harusi nisiyejua pa kuyaweka macho. Baba mkwe akamega samaki akaweka mbele yangu kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yakanitoka, wakadhani nimekwamwa na mwiba. Walinimezesha tonge kubwa la ugali mkavu, shemeji mmoja akanipiga mgongoni, na nikaona aibu kusema kwamba hapakuwa na mwiba wowote.

Unajua bibi yako alivyoomba kabla ya kula? Alisema, "Wewe uliyetupa, asante. Tuleni." Basi. Mwanamke aliyebatizwa kabla mimi sijazaliwa, sala yake ya chakula ilikuwa fupi hivyo.

Tulipohamia hapa Mkuyuni, kwenye chumba kimoja cha kupanga, nilimwambia baba yako: kabla ya kitanda, meza. Alicheka, lakini alikubali. Akaenda kwa fundi seremala akarudi na hii, na tukawa watu wanaolala chini na kula juu. Majirani walitucheka. Mimi sikujali. Niliapa watoto wangu watamwona baba yao akitafuna. Watajua anapenda nini. Mtoto wa kike atakaa sawa na wa kiume, na Mungu atakaa nasi kama mwenyeji. Nilikuwa na maneno mengi mazuri juu ya meza hii, na hata leo nayaamini.

Kosa langu ni kwamba nilichukua meza ya Majita nikaiacha sala yake huko huko.

Wewe ndiye unayejua vizuri sala zangu. Baba yako akiwa mwaloni kwa wavuvi, akitengeneza injini za mitumbwi, kuongoza sala kulikuwa kwangu, na hata akiwepo aliniachia, kwa sababu yeye si mtu wa maneno. "Ee Bwana, tunakushukuru kwa chakula hiki, na tunakuomba umkumbushe mwanao Amosi kwamba ndoo hazijazi maji zenyewe." Unaikumbuka hiyo? Na ile ya, "Ulainishe, Baba, mioyo ya wale waliopewa hela ya sabuni wakarudi na bigijii za kutafuna." Wewe na mdogo wako mmefumba macho, mnasikia aibu, na ugali unapoa. Watu wengine huwarushia wenzao vijembe kwa taarabu. Mimi nilivirusha kwa sala. Na nilikuwa fundi, mwanangu. Kabla ya kusema amina nilikuwa nafungua jicho moja nione neno limemwingiaje mhusika.

Siku moja baba yako aliniambia kwa upole wake ule, "Mama Rehema, Mungu ana subira ya kukusikiliza. Huyu samaki hana." Nilimnunia hadi kesho yake.

Nimejiuliza sana mwaka huu kwa nini niliwafanyia hivyo, maana niliwapenda, na sikuwa mama wa fimbo. Jibu nililolipata halinipendezi. Kumgombeza mtoto kunahitaji nguvu. Usimame, umwangalie machoni, umsikilize anavyojitetea, pengine ugundue kwamba ni wewe uliyekosea. Mimi nilirudi kutoka sokoni miguu inawaka moto, sauti imekauka kwa kuita wateja tangu asubuhi, bado kuna kuni, bado kuna mboga. Nguvu ya kuwaangalia machoni sikuwa nayo. Lakini sala unaomba umeketi, umefumba macho, na hakuna anayekujibu. Nani atabishana na mtu anayeongea na Mungu? Nilikuwa nasema na Mungu ili nisiseme na ninyi. Niliona ni uchaji, kumbe ni uvivu wa mtu aliyechoka. Na huko kanisani ndivyo nilivyozidi kusifiwa. Kila kikao, "Mama Rehema atufungulie." Sifa nazo zinalewesha.

Sasa nifike pale ambapo sote wawili tunapakwepa.

Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuoni. Jumamosi ile jioni tulikuwa jikoni, tunachambua dagaa, tunaondoa mchanga, unanisimulia vituko vya bwenini. Halafu ukauvuta ungo karibu. Ukaniambia, "Mama, nikuambie kitu, hutanigombeza?"

Nikasema, "Sema."

"Siku hizi siombi. Siyo kwamba nimekataa. Nikifumba macho naona giza tu, nasema maneno, na naona kama najidanganya. Kwa hiyo nimeacha kwanza."

Mikono yako haikuacha kuchambua. Uliniambia jambo hilo la kutisha ukiwa umeinamia ungo, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imebaki. Nikajibu nini? "Utachangamka tu, ni uchovu wa masomo. Hebu nisogezee hilo sufuria." Ukanisogezea. Nikaona tumemaliza.

Kesho yake tulikuwa na wageni. Mchungaji alikuja kula kwetu na mke wake, na bibi yako wa Majita alikuwepo, amekuja kutibiwa macho. Baba yako alikuwa ameleta sato wakubwa kutoka mwaloni. Meza ilijaa, kitambaa kipya, kila mtu ana kiti. Ilikuwa meza niliyokuwa nikiiota tangu nilipokuwa naishi kwenye moshi wa Misungwi. Mchungaji akasema, "Mama, tuombee." Nikaanza. Nikashukuru kwa mvua, kwa wageni, kwa macho ya bibi. Nikasikia mke wa mchungaji anaitikia kwa hisia, nikapata moto. Na moto uliponipata nikasema, "Na binti huyu, Baba, Rehema, ambaye ameacha kukuomba, ambaye adui amemfunga moyo asikujue tena, umrudishe leo, hapa hapa, mbele ya mtumishi wako."

Mke wa mchungaji akasema, "Yesu!" Mchungaji akasema, "Amina," kwa nguvu. Nami nikafungua jicho moja, kama desturi yangu.

Nikakutana na macho yako. Hukuwa umeyafumba. Ulikuwa unaniangalia tu, bila hasira, kama mtu anayemwangalia mgeni akijiuliza aliwahi kumwona wapi. Nikalifumba haraka lile jicho nikaendelea kuomba, kwa kuwa sikujua nitakomea wapi. Nadhani sijawahi kuomba sala ndefu kama ile. Niliogopa kufika kwenye amina.

Nilipofika, ulichukua samaki wako mzima ukamwekea bibi kwenye sahani. "Bibi, kula na huyu. Mimi nimeshiba." Ukainuka ukaenda kuosha sufuria. Mchungaji akasema tukuache, Roho anafanya kazi. Tukala. Sikumbuki ladha ya kitu chochote.

Wageni walipoondoka, bibi yako aliniita. Alikuwa na kitambaa kwenye jicho moja. "Mwanangu," akasema, "samaki wako alikuwa mtamu. Lakini meza yako ina miiba kuliko samaki." Kisha akaomba maji ya kunywa, na hakulisema tena jambo hilo hadi akarudi kwao.

Ungetegemea nije kwako siku ile ile. Sikuja. Nilikuwa na sababu zangu, nikuambie zote hata kama ni za kijinga. Kwanza, nilisema moyoni, nimemwombea mtoto wangu, kosa liko wapi? Pili, nililelewa hivi: mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi. Aliyeinuka mezani mbele ya wageni ni wewe. Basi nikakaa nasubiri uje uniombe radhi! Nilisubiri wiki, nikasubiri likizo nzima. Ukarudi chuoni, ukaja tena, na kila jioni, "Nimeshakula, Mama." Hasira ikaniisha, ikabaki aibu, na aibu ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenye hasira angalau huja akagombana. Nikafupisha sala. Nikamwachia Amosi aombe. Nikapika vitu unavyovipenda. Sikufanya lile moja tu lililotakiwa. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini mimi sikujaribu hata kuleta kitambaa.

Na kuna jambo jingine ambalo baba yako mwenyewe halijui. Uliponiambia unaona giza, sikukujibu vizuri kwa sababu ulinitisha. Ulisema jambo langu. Mimi pia, Rehema. Si siku zote, lakini siku nyingi. Nafumba macho, naona giza, nasikia kimya, na ndiyo maana naongeza sauti. Mtu akiwa peke yake kwenye nyumba yenye giza huimba. Nimekuwa nikiimba hivyo miaka mingi, watu wananiita mama wa maombi. Uliponiambia kwamba wewe umeamua kunyamaza kwanza kuliko kujidanganya, niliona umefanya kwa uaminifu kile nisichothubutu mimi. Kesho yake nikakuanika mbele ya watu. Unaona ubaya wake? Nilikuchoma kwa siri ambayo ilikuwa pia yangu.

Ungeweza kuniuliza, mbona basi hukuacha imani? Nitakuambia kwa jinsi ninavyojua mimi, sina elimu ya dini. Mara chache nilizowahi kuhisi kwamba Mungu yupo karibu, hazikuwa kwenye zile sala. Zilikuwa kwenye kula. Baba mkwe akinimegea samaki. Baba yako, ulipokuwa mdogo na homa, akikutafunia kiazi kidogo kidogo hadi ukakubali kumeza. Amosi akigawa embe moja mara nne na kutoa kipande kikubwa kwako wewe uliyemnyima baiskeli. Katika vitu hivyo sikuwahi kuona giza. Ila mara nyingi vilinipita, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kifungu cha kukuaga nacho. Niseme ukweli wote: nilikuwa natafuta kifungu cha kukurushia, kijembe cha mwisho, nikiombe asubuhi ya safari. Tabia hazifi haraka. Nikafika pale ambapo yule mvuvi aliyemkana Bwana wake kabla jogoo hajawika anamkuta tena ufukweni. Nimekisikia kikihubiriwa tangu utoto. Siku zote nilikumbuka maswali aliyoulizwa, unanipenda, unanipenda. Safari hii macho yangu yakakwama mahali pengine. Wale watu walitoka ziwani wamechoka, na moto ulikuwa umeshawashwa, samaki yuko juu ya makaa, na mkate upo. Wakaitwa kwanza waje wale. Hakuna kesi iliyosomwa kabla ya chakula. Yule aliyekana alikaa, akala, akashiba, na ndipo akaulizwa, tena hakuulizwa mbona ulinikana. Nilikifunga kitabu. Mimi ningempigia sala ndefu kwanza, samaki akaungua.

Huko unakokwenda utakula peke yako mwanzoni. Najua ilivyo. Utapika kasufuria kadogo, utakula umesimama au umeegemea simu, na utaona ni jambo la kawaida tu. Siwezi kukuambia uombe. Haki hiyo nimeipoteza. Nitakuambia tu kwamba ukiweza, pika kuzidi kidogo, hata kijiko kimoja cha unga zaidi, ili akipita mwalimu mwenzako au mtoto wa jirani usiwe na sababu ya kumwambia nimeshakula. Na ukimpata mtu, mwache ashibe kabla hujamwambia ubaya wake. Mengine nimeshindwa kuyafanya mwenyewe, sitakutwika.

Nasikia geti. Umerudi, na nasikia unamwita Amosi akusaidie michembe. Naficha karatasi hii chini ya kitambaa cha meza nikabandike maji ya ugali.

*

Naendelea. Mmeshalala wote. Ulikuwepo, unajua kilichotokea, lakini hukukiona kutoka upande wangu.

Nilipakua. Nikaziondoa nguo kwenye kiti chako nikaziweka kitandani. Nikasema, "Karibuni chakula." Baba yako akanawa, Amosi akanawa. Nawe ukajibu kutoka jikoni, kwa sauti nzuri tu, "Kuleni, Mama, mimi nitakula baadaye. Bado nafunga mizigo."

Mizigo yako ilikuwa sebuleni, imefungwa tangu mchana. Wote watatu tulikuwa tunaiona.

Baba yako aliniangalia. Amosi akainama akisubiri sala. Na mimi nikajua kwamba nikisema neno lolote kwa Mungu muda ule, nitakuwa nimelirusha kwako. Nikachukua sahani yangu nikainuka.

Baba yako akauliza, "Unakwenda wapi?"

Nikasema, "Kula."

Nilipoingia jikoni ulishtuka. Ulikuwa umesimama kando ya jiko, tonge mkononi. Ukasema, "Mama, umekosa nini? Chumvi ipo mezani."

"Sijafuata chumvi."

Nikavuta kigoda nikakaa. Magoti yalilia, ulisikia. Miaka yote hii nilipigana nitoke jikoni nifike mezani, na leo nimerudi kwa miguu yangu kwenye moshi, pale pale ulipowahi kuniamini. Nilitaka kusema mengi. Haya yote niliyoyaandika mchana nilikuwa nayo kichwani, yamepangwa. Nikatoa maneno machache tu, "Rehema, ile Jumapili nilikukosea. Uliniambia mimi, hukuwaambia wao."

Ulibaki umesimama unaangalia makaa, nikadhani utasema "yameisha, Mama," kwa ile sauti yako ya adabu ambayo hufunga mlango. Hukusema. Ulivuta kile kigoda kingine ukakaa, magoti yetu yakagusana, kwa kuwa jiko letu ni dogo. Ukamega samaki wako, ule mnofu wa tumboni unaoupenda, ukauweka kwenye sahani yangu.

"Kula, Mama. Kinapoa."

Nilikula. Nilikuwa nalia, na safari hii pia hapakuwa na mwiba. Halafu mlangoni akatokea Amosi na sahani yake, "Kwani mezani kuna nini, mbona mmetukimbia?" na nyuma yake baba yako na bakuli la mchuzi, anatafuta pa kuliweka. Tukajibana wanne humo ndani, mmoja kakaa juu ya gunia la mkaa, meza yangu ya fahari iko tupu sebuleni na kitambaa chake. Hakuna aliyeomba. Au labda tuliomba, sijui, siku hizi sina uhakika sala huishia wapi. Ninachojua ni kwamba nilikuangalia ukitafuna, kwa macho yangu yote mawili. Kumbe hupendi nyanya kwenye mchuzi. Unazisogeza pembeni. Sikuwa nalijua hilo.

Karatasi hii nitaitia kwenye begi lako, kati ya mashuka, utaikuta ukifika.

Ila kabla hujaifikia kuna chai ya alfajiri. Nitaamka mapema niipike, na kiti chako nimekifuta vumbi. Sitaomba kwa sauti. Ukipenda kuomba, omba wewe, hata kwa neno moja. Usipopenda, tutakunywa tu chai na michembe, tunangoja gari la kukupeleka stendi. Yote mawili ni sawa kwangu.

Usiniambie tu kwamba umeshakunywa.

Mama yako